Shikamoo Thelathini na Moja

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na gereza la wasichana lenye darasa moja, mwalimu mmoja na shikamoo thelathini na moja.

Ukorofi huo aliubuni Sikudhani. Bi Rehani akiingia, msichana wa kwanza anasimama: "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Wa pili anasimama: "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Hivyo hivyo mpaka wa thelathini na moja, na kila mmoja anaulizia mume, wajukuu, hata paka. Mwalimu wa watu, kwa malezi yake, hawezi kuiacha shikamoo bila kuiitikia. Kengele inalia, ubao haujaguswa.

Mkuu wa gereza akachoka. "Atakayelituliza darasa hili nampa siku tatu za kwenda kwao. Mmoja tu!"

Sikudhani alizitamani siku hizo. Alikuwa na mtoto wa miaka miwili, na barua ya mwisho ilisema sasa anamwita bibi yake "mama". Iliuma vibaya mno.

Kesho yake Mashavu, mmoja wa wasichana hao, akamnong'oneza mwalimu mlangoni. Bi Rehani, mvi kichwa kizima, akaingia na kupiga goti: "Shikamooni, wanangu."

Lo! Nani aitikie marahaba kwa mtu wa umri wa bibi yake? Macho yote kwa Sikudhani, kiranja wa uhuni. Jibu chafu, ile marahaba, lilimjaa mdomoni. Akainuka nusu, akalimeza, akakaa. Hakuna mwingine aliyesimama. Walibaki wakitazama kucha, mpaka Chiku, ambaye hajawahi kutembelewa na mtu, akauliza: "Mwalimu, leo tunasoma nini?"

Madaftari yakafunguka. Tangu siku hiyo somo likawa somo.

Mashavu, Sikudhani na Chiku wakafika kwa mkuu, kila mmoja akizidai zile siku tatu.

"Akili ni yangu," alisema Mashavu. "Bila mimi mngekuwa bado mnaulizia paka. Na dada yangu anaolewa Jumamosi!"

"Ningeitikia marahaba, wote wangeitikia," alisema Sikudhani. "Nina mtoto ananisahau, jamani."

"Moto uwashe wewe, halafu upewe zawadi ya kuuzima?" alidakia Mashavu.

"Mlikaa kama magunia," alisema Chiku. "Kunyamaza siyo kusoma. Niliuliza mimi."

"Na kwenu anakungoja nani?" aliuliza mkuu.

"Nikifika nitajua."

Mkuu akashika kalamu.

Haya, nyinyi mnaotafuna karanga hapo, pumzisheni mataya mnijibu: je, zile siku tatu ni za nani?