Makopo Mekundu ya Luhende

Chuma hakimjui wa jana.

Mlimsikia Bi Milembe akimwambia mwanawe maneno hayo, yule aliyetoka kuugua akataka kupanda juu ya paa aezeke bati kama zamani. Mkacheka, mkadhani anamsuta. Halafu mkaja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Basi ketini, kwa maana haukuzaliwa katika kicheko.

Chanzo chake kiko katika mji huu huu wa reli, baba zenu wakiwa bado hawajaoa. Nyuma ya stesheni palikuwa na uwanja mdogo uliozungushiwa mabati, na humo vijana walinyanyua vyuma jioni baada ya kazi. Hawakuwa na vyuma vya dukani. Walichukua bomba, wakatia kopo lililojazwa zege kila upande, basi. Wanaoanza walipewa makopo ya maziwa. Waliokomaa walipewa makopo makubwa ya rangi, nayo yalipakwa wekundu ili kila mtu ayajue. Na katikati ya uwanja alilala Mamkwe.

Mamkwe ilikuwa ekseli ya kiberenge, na magurudumu yake mawili. Waliiita hivyo kwa sababu hakuna aliyeizoea. Mtu aliyetaka kuinyanyua alivua viatu kwanza na kuinamisha kichwa, kama mnavyojua mkwe anavyokaribiwa kwetu. Ilinyanyuliwa mara moja tu kwa mwaka, Jumatatu ya Pasaka, na aliyeifikisha kifuani jina lake liliandikwa kwenye bati kwa rangi nyeupe. Kwa miaka tisa jina lililoandikwa lilikuwa moja: Luhende.

Luhende alikuwa mpakiaji wa mizigo pale stesheni, mtu mpana, mcheshi, na sauti yake ya besi kanisani ilifanya madirisha yatetemeke. Mkewe aliitwa Nyamizi, ila watu walimwita mama Kabula kwa jina la binti yao. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alikuwa wa kutazama.

Siku moja Luhende alianguka kutoka mlango wa behewa akiwa na gunia begani. Bega la kulia likavunjika pamoja na mtulinga. Hospitali walimfunga, mfupa ukaunga, lakini mkono haukurudi kuwa mkono. Alipoutoa kwenye bandeji ulikuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Kazini wakamweka langoni, afungue na kufunga. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Miaka miwili ikapita hivyo. Nyamizi alitazama. Alimwona mumewe anaacha kwaya. Akamwona anaanza kula peke yake chumbani, na sahani inarudi nusu. Ugonjwa ungekuwa na dawa. Huu ulikuwa kama nyumba inayozimwa taa moja moja na mwenye nyumba yumo ndani. Jioni moja, wakiwa wamekaa kibarazani, Luhende akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Mama Kabula, mtu akishakwisha, kwa nini Mungu anamwacha aendelee kula?"

Tangu siku hiyo Nyamizi alificha kamba ya kisimani chini ya kitanda cha binti yake, na kila Luhende alipochelewa kurudi alisimama mlangoni mpaka amwone.

Sasa, Jumatano ya Majivu ya mwaka wa tatu, Luhende akaamka mapema, akatafuta mkanda wake mpana wa ngozi, akatoka bila kusema aendako. Aliporudi jioni, alama ya majivu ilikuwa bado kwenye paji la uso wake, na alikuwa anacheka.

"Nimebeba mekundu," akasema. "Mara nne. Mkono huu huu. Shija ni shahidi."

Shija alikuwa kijana aliyefundishwa na Luhende mwenyewe, na sasa ndiye aliyekuwa kiongozi wa uwanja. Nyamizi akauliza mara mbili, "Yale mekundu?" na Luhende akamjibu mara mbili. Kisha akaomba chakula, akamaliza, akaomba tena.

Kwaresima nzima ikaenda hivyo. Wengine walifunga, yeye alirudi kula. Akaanza kuoga akiimba. Siku ya Njia ya Msalaba besi yake ilisikika tena, na mapadri wakageuka kutazama. Nyamizi alisimama katika jumuiya akamshukuru Mungu mbele za watu, na kamba ya kisimani akairudisha mahali pake. Jambo moja tu lilimkosesha raha: Luhende alisema kwamba Jumatatu ya Pasaka atakwenda kwa Mamkwe.

"Jina langu limechujuka pale kwenye bati," akasema. "Linataka rangi mpya."

Juma Kuu mvua zilikuwa nyingi, uwanja ukawa tope, kwa hiyo Luhende akaja na bomba lake na makopo mekundu nyumbani, akayaweka chini ya upenu. Alhamisi asubuhi akaenda kazini. Nyamizi akawa anafagia. Akainama kulisogeza lile bomba kwa miguu na mikono yote miwili, akijikaza kama mtu anayevuta ng'ombe, na nusura aanguke chali. Bomba lilikuja juu kama ufagio.

Akasimama nalo mkononi. Mwanamke aliyeteka maji kisimani tangu ana miaka saba hadanganywi na uzito. Ndoo iliyojaa anaijua, na iliyopungua vikombe viwili anaijua. Akachukua kisu, akachokoa zege juu ya kopo. Lilikuwa zege unene wa kidole. Chini yake zilimwagika pumba za mpunga, kavu, za njano, zikapeperuka hadi kwenye maji ya mvua.

Akaziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi, akajifunga khanga vizuri, akaenda kumtafuta Shija. Alimkuta stesheni anakula muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, siku hizi zege mnalichanganya na pumba?"

Shija akaacha kutafuna. Akaufunga muhogo wake ndani ya gazeti polepole.

"Mama, usimwambie."

"Nieleze kwanza nisichotakiwa kumwambia."

"Ile Jumatano alikuja alfajiri peke yake. Mimi nilikuwa nimelala kibandani, hakujua nipo. Alichukua makopo ya maziwa. Yale ya watoto, mama. Akayafikisha hapa," Shija akagusa kitovu chake, "mkono ukakataa. Akajaribu tena. Mara ya tatu akakaa chini akafunika uso kwa fulana. Kisha akatoka, akazunguka nyuma ya mabati, akarudi kwa mlango wa mbele kama ndiyo kwanza anafika. Akaniamsha kwa kelele na mizaha. 'Shija, una makalio kama ya mbuzi wa Kwaresima.' Nikamwambia jioni arudi, tutaanza rasmi."

"Na mila yenu? Aliyekaa miezi mitatu bila kunyanyua si huanza na ya watoto, hata awe nani?"

"Ndiyo mila. Lakini yule ndiye aliyeniwekea bomba mabegani mara ya kwanza. Nimpe kopo la maziwa mbele ya watoto wamcheke? Nilishindwa. Nikatengeneza haya. Vijana wote wanajua, tumeapa. Nilidhani nguvu zitarudi njiani, niwe ninaongeza zege kidogo kidogo."

"Zimerudi?"

Shija akatazama reli. "Nikiongeza, mkono unatetemeka. Ninapunguza."

"Basi niambie, Shija. Mekundu mmeyajaza pumba. Na Mamkwe je? Naye mtamjaza nini?"

Kijana akasema, "Mwambie wewe, mama. Mimi ulimi wangu hautaweza."

"Mlipoapa ulimi ulikuwepo."

Akageuka kurudi nyumbani akiwa ameamua kusema. Njiani aliyapanga maneno, akayapunguza makali, akayapanga upya. Alipofika, Luhende alikuwa amewahi kurudi kwa ajili ya ibada ya jioni. Alikuwa ameketi kibarazani anaupaka mkanda wake mafuta, akiimba kwa sauti ya chini, na Kabula ameegemea mgongo wake, jambo ambalo binti huyo hakuwa amelifanya kwa miaka miwili.

"Umechelewa, mama Kabula. Leo tunaoshwa miguu, hujasikia? Mimi yangu ichukueni kwa uangalifu, ni ya kumsimamia Mamkwe."

Nyamizi akatazama uso ule. Akakumbuka swali la jioni ile. Akaona kwamba neno moja likimtoka, taa zote zitazimika tena, safari hii kwa mkono wake yeye. Akasema, "Ngoja niweke maji." Akajiambia, kesho.

Ijumaa Kuu ilipita. Jumamosi ikapita. Usiku wa mkesha alishika mshumaa wake akamwomba Mungu afanye chuma kile kiwe chepesi kwa dakika moja tu. Alijua ni ombi baya. Aliliomba hivyo hivyo.

Jumatatu uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda kwenye mabati. Vijana wawili walijaribu, magurudumu yakapanda hadi magoti yakarudi. Kisha Luhende akasimama. Akavua viatu, akainamisha kichwa. Vijana wa uwanja wakanyamaza, na ukimya wao haukuwa wa heshima. Nyamizi aliutambua, kwa sababu ulikuwa kama wake.

Shija akasogea. "Mwalimu, mwaka huu tuachie sisi."

"Unaogopa nitakufuta kabla hujaandikwa?" Watu wakacheka. Luhende akamshika Shija kichwa kwa upendo. "Kaa pembeni, mwanangu, utazame."

Hapo Nyamizi akafungua kinywa. Aliita, "Baba Kabula." Luhende akageuka akamtazama, amejaa furaha kama siku ya harusi yao, akadhani anamtia moyo. Akampungia. Na Nyamizi akampungia pia.

Mvuto wa kwanza Mamkwe hakutikisika. Mtu mwingine angeacha. Lakini huyu alikuwa amebeba mekundu siku arobaini, alijua nguvu zimo, akaona tatizo ni kushika vibaya tu. Akapanga miguu upya. Akavuta kwa mwili wote. Gurudumu la kushoto likapanda. La kulia likabaki ardhini, na begani kukasikika mlio kama ubua wa mtama unapovunjwa gotini. Alikuwa bado anavuta.

Safari hii mfupa haukuunga. Alirudi nyumbani baada ya miezi mitatu, mkono umening'inia, na madaktari wakamwambia hautapanda tena hata kufikia kinywa. Siku ya kwanza nyumbani alitazama chini ya upenu. Makopo yalikuwa pale pale. Akainama, akalichukua bomba kwa mkono wa kushoto, na likaja juu kama ufagio. Udongo wa mfinyanzi ulioziba tundu ulikuwa umekauka, ukadondoka. Pumba zikamwagika miguuni pake.

Akakaa akizitazama mpaka jua likaondoka upenuni.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi Kuu."

"Siku nne." Akawaza. "Na siku ile uliniita. Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema."

Luhende akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Nyamizi angeipokea hasira kwa mikono miwili. "Nyote mlinijua," akasema. "Shija alimwona mwalimu wake. Wewe ulimwona mumeo wa zamani. Mlikuwa mnambebea yule mtu wa jana. Chuma hakimjui wa jana. Chenyewe kilinikuta mimi tu, hivi nilivyo, na ndicho peke yake hakikunidanganya."

Shija aliposikia maneno hayo aliyaandika juu ya mlango wa uwanja, mahali pa jina la Luhende, na tangu hapo kila aliyerudi baada ya kuumia alikabidhiwa makopo ya maziwa mbele ya watu wote, hata kama ana mvi, na anayemkabidhi anayasema. Wengine walilia. Hakuna aliyevunjika.

Luhende aliishi miaka kumi na mmoja mingine. Hakumfokea mkewe hata siku moja, wala hakurudi kwenye kwaya. Lakini kila Nyamizi alipompa kitu, kikombe cha maji, sahani, hata kitabu cha sala, alikipokea kwa ule mkono wa kushoto, akakishikilia hewani kidogo, akakipima, ndipo akanywa au akala. Hata siku ya mwisho, maji ya kulowesha midomo, alikipima kikombe. Na Nyamizi alisimama akingoja amalize kupima, kila siku, kwa miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo Bi Milembe hakuwa anamsuta mwanawe. Alikuwa anamkabidhi kopo la maziwa, mbele yenu nyinyi mliocheka. Mkiwa na mtu mnayempenda, naye anataka kurudi alikotoka, msimhurumie kwa pumba. Mwambieni mapema, hata akichukia.

Chuma hakimjui wa jana.