Mvua Iliyouza Nyumba Nyamwola

“Dalali mkweli ni mvua.” Ndivyo alivyowajibu fundi cherehani pale kona mlipomuuliza kama nyumba mnayotaka kununua ni nzuri, nanyi mkacheka mkidhani anawatania. Hakuwatania, wanangu. Msemo huo ulizaliwa hapa hapa Kisumu, katika mtaa huu wa Nyamwola, na siku ulipozaliwa mimi nilikuwa nimesimama ndani ya maji yaliyonifika magotini. Kaeni niwaeleze.

Wakati huo nilikuwa mpangaji katika ploti ya bondeni, yenye vyumba vinane. Nilikaa na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amepooza miguu. Ploti ilipendeza kwa macho. Ilipakwa rangi nyeupe, ikawekwa geti la chuma, na maua mekundu yalitambaa ukutani. Lakini kila mvua kubwa iliponyesha, maji ya mtaa mzima yaliteremka yakaingia kwetu. Mwenye nyumba alipoamua kuiuza, alituita wapangaji akatuonya kwamba atakayefungua mdomo kuhusu maji atafute pa kuhamia. Nami, na mgonjwa wangu, ningehamia wapi?

Mnunuzi aliyekuja aliitwa Perpetua Awuor, mkunga aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kazi Mombasa. Alifuatana na mumewe, Mzee Nashon. Walitaka nyumba ambayo wangeishi upande mmoja na kupangisha vyumba vingine, wapate riziki uzeeni bila kumsumbua mtu. Kiinua mgongo chote cha Mama Awuor kilisubiri nyumba hiyo.

Dalali wao alikuwa Zablon Ochola, mtanashati mwenye maneno matamu na viatu visivyojua vumbi. Zablon aliijua kazi yake. Alijua kwamba hapa kwetu, karibu na Ikweta, asubuhi jua huwaka na alasiri mawingu hushuka kutoka milima ya Nandi. Kwa hiyo aliwaleta saa tatu asubuhi, ua umekauka na nguo zinapepea kwenye kamba. Mama Awuor aliingia chumbani kwangu, akamsalimia mama kwa heshima, akamrekebishia mto. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Binti yangu, hapa maji huwa hayaingii?”

Nilimwona Zablon amesimama mlangoni.

“Maji ya mfereji yapo kila siku, mama,” nikajibu.

Aliniangalia kidogo, akashukuru, akatoka. Siku ile nilijichukia hadi nikashindwa kula.

Kesho yake walikuwa na miadi kwa wakili saa kumi alasiri, watie sahihi. Yaliyotokea kabla ya hapo Mama Awuor alinisimulia mwenyewe baadaye. Ili wasipate nafasi ya kurudi kuchungulia, Zablon aliwapakia kwenye tuktuk akawatembeza tangu alfajiri. Aliwapeleka Maseno wakasimama kwenye mstari wa Ikweta, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Mzee Nashon alifurahi akadai apigwe picha tatu. Aliwapeleka sokoni, akawapeleka ziwani wakawaona viboko wakipiga miayo majini, wakala samaki aina ya ngege wa kukaanga wakajilamba vidole. Mzee Nashon alisema hajaona mji mtamu kama huu tangu azaliwe, na kwamba kama angekuwa na kalamu angetia sahihi pale pale juu ya sahani.

Saa nane na nusu upepo ulibadilika. Zablon akatazama juu, akaanza kuwaharakisha. Ni hapo Mama Awuor aliposema anataka kupitia kwenye ploti kwanza apime madirisha, anunue vitambaa vya pazia kabla ya kurudi Mombasa kuhamisha vyombo. Zablon akamwambia madirisha yatapimwa siku nyingine, wakili hapendi kungojeshwa. Mumewe naye akamsihi.

Mama Awuor alijifuta mikono taratibu. “Zablon mwanangu,” akasema, “nimezalisha wanawake miaka thelathini. Mtu anayenihimiza bila sababu, mimi hupunguza mwendo.”

Wakaja. Walipofika getini, tone la kwanza likaanguka, na kabla hawajashuka vizuri mbingu ilikuwa imefunguka. Ilikuwa mvua ya mawe, inagonga mabati hata huwezi kusikia jina lako. Mtaro ukajaa, ukafurika, na maji mekundu yakaja mbio kupitia chini ya lile geti zuri. Yakaingia chumba cha kwanza, cha pili, yakaingia kwangu. Sufuria zikaelea. Nilijaribu kumwinua mama kutoka kitandani nikashindwa, nikaanza kupiga mayowe.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Awuor, gauni amelifunga kiunoni. Hakuuliza neno. Alimwita mumewe, na yule mzee, ambaye dakika chache nyuma alikuwa akisimulia viboko, akainama akambeba mama yangu mgongoni. “Tunakwenda wapi?” akauliza. Nikamwelekeza juu, kwenye nyumba ya mabati yenye kutu tuliyokuwa tukikimbilia kila mara. Tulipanda kilima tukiteleza, Mama Awuor akimshika mama kiuno asianguke. Nyuma yetu, Zablon alikuwa na godoro langu kichwani na viatu vyake mkononi. Hakuna aliyemwagiza. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuyaona maji yale kwa macho yake.

Ndani ya nyumba ile ya kutu sakafu ilikuwa kavu kama unga. Tulipomlaza mama na kumfunika, nilimgeukia Mama Awuor.

“Mama, jana nilikuficha. Nilijua, lakini mwenye nyumba alitishia kutufukuza.”

“Ulikuwa unalinda kitanda cha mamako,” akasema. “Ningekuwa wewe, sijui ningesema nini.”

Kisha akaugonga ukuta kwa ngumi, akatazama dari, akauliza nyumba hii ni ya nani. Zablon, akidondosha maji puani, akakiri kwamba inauzwa mwaka wa pili sasa, ila hajamwonyesha mtu kwa sababu haina sura.

Mama Awuor akaangua kicheko, akacheka mpaka mumewe naye akacheka, nasi sote tukafuata. Akasema, “Siku mbili umenitembeza, Zablon, na sikujua kitu. Huyu wa nje amenitembeza nusu saa, sasa najua mtaa wote. Kumbe dalali mkweli ni mvua.”

Wakili alingoja bure siku ile. Wiki iliyofuata Mama Awuor aliinunua nyumba ya kutu, akaniita mimi na mama tuwe wapangaji wake wa kwanza, na mama yangu alifia humo kwa amani, kitanda chake kikavu.

Maneno yale yalienea mtaani kabla nguo zetu hazijakauka. Wanunuzi wakaanza kuja alasiri, na miavuli kwapani, wakikataa kutoa hata shilingi kabla haijanyesha. Mwenye ploti nyeupe alipokosa mnunuzi miezi saba, aliwaita wenye nyumba wenzake wakachimba mtaro mpana mnaouona kule bondeni, na tangu hapo sufuria za watu hazijaelea tena. Zablon mwenyewe alibadilika, akawa wa kwanza kuwaambia wateja wangoje mawingu.

Basi hiyo nyumba mliyoipenda asubuhi, wanangu, msiitie sahihi bado. Tazameni Nandi kulivyokuwa kweusi. Vaeni viatu mteremke sasa hivi mkasimame uani kwake, maana dalali mkweli ni mvua.