Samli ya Afande Kiboko

Hapo zamani za kale, ingawa si kale sana, maana ndoo za kunawia mikono zilikuwa zimeshapata bomba, kikohozi kiliingia katika kijiji cha wanyama. Kilianza kwa Nyani, kikaenda kwa Pundamilia, na mwezi haujaisha kilikuwa kimewachukua wazee watatu. Kwa hiyo msicheke mapema. Jambo lilikuwa zito.

Mwenyekiti, Mzee Tembo, akaita mkutano na kutangaza kanuni. Kunawa mikono, sawa. Kuvaa barakoa, sawa, ila barakoa zote zilishonwa kwa kipimo cha Kiboko, kwa sababu siku ya kupimwa alifika Kiboko peke yake. Nguchiro alipoivaa ya kwake ilimfunika mdomo, kichwa, mkia, na mkewe aliyesimama jirani. Wakaitumia kama shuka.

Kukaa mbalimbali nako kulikuwa na kanuni yake: kati ya mtu na mtu, Twiga mmoja aliyelala. Wiki nzima Twiga akawa analazwa na kuinuliwa, analazwa na kuinuliwa, ili foleni ya kisimani ipimwe. Mwishowe mgongo ukagoma. Akaenda zahanati. Akarudishwa getini.

Sasa hapo getini ndipo palipokuwa na kazi.

Geti la zahanati alikabidhiwa Afande Kiboko, pamoja na kanuni mbili. Ya kwanza: mwenye homa asiingie, ataambukiza wengine. Ya pili: asiye na homa asiingie, ataambukizwa na wengine. Kiboko hakuwa mla rushwa wala mwonevu. Alizifuata zote mbili kwa moyo mweupe. Kwa muda wa siku arobaini zahanati ile ikawa safi kuliko zote duniani, maana haikupata hata mgonjwa mmoja wa kuichafua. Ndani alikuwemo mkunga, Bi Tumbili, mwenye vidole vyembamba kuliko vya mtu yeyote kijijini. Alikuwa akizikunja bandeji asubuhi na kuzikunjua jioni ili apate za kukunja kesho.

Homa ilipimwa kwa samli. Kiboko alikuwa na kibuyu cha samli nzito, zawadi ya Bi Nyati. Alichota donge, pwata, akalibandika kwenye paji la uso wa mgonjwa, akahesabu hadi ishirini. Likibaki limeganda, huna homa. Likiyeyuka, unayo.

Basi siku moja Mize, mke wa Nguchiro, akashikwa na uchungu. Ukamshika tangu jioni, ukakesha naye, kukapambazuka mtoto hajaja. Jirani yao Bi Kobe akaja kumtazama. Alikuwa ameitwa usiku. Alfajiri ndipo akafika.

Bi Kobe akampapasa tumbo, akapapasa tena.

"Huyu mtoto amekaa kingamo," akasema. "Kichwa huku, miguu huku. Anataka kugeuzwa."

"Mgeuze, bibi," Nguchiro akasema.

"Kwa mikono hii ya kuchimbia? Huyo ni wa Bi Tumbili. Na jua likizama hajageuzwa, baba, utawapoteza wote wawili."

Mize akafumbua jicho. "Bado uko hapa, Nguchiro?"

Nguchiro hakuwa hapo tena. Alikuwa njiani, tititititi, mavumbi nyuma yake.

Alimkuta Kiboko ameketi mbele ya geti, upana kwa upana. Umande ulikuwa bado haujakauka.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Nawa mikono."

Nguchiro akanawa.

"Nawa tena. Hiyo ya kwanza ulinawa kwa haraka."

Akanawa tena, akihesabu kila kidole ili mwenyewe aone. "Afande, mimi siumwi. Mke wangu..."

"Paji."

Pwata. Kiboko akaanza kuhesabu. Alipofika kumi na tatu akasahau, akaanza upya. Mara ya pili akafika. Samli ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Huna homa," Kiboko akasema. Akachovya kidole kwenye jivu, akamchora mstari mweupe kati ya macho. "Hiyo ni alama ya mzima. Usiifute leo. Mzima haingii, rudi nyumbani."

"Sijaja kwa ajili yangu. Mke wangu ana uchungu tangu jana. Bi Tumbili atoke kidogo tu, amtazame, arudi."

"Mhudumu akitoka atarudi na kikohozi."

"Basi nimlete mke wangu hapa."

"Mlete. Tutampima."

"Akiwa hana homa?"

"Hataingia."

"Akiwa nayo?"

"Hataingia."

"Sasa unampimia nini, Afande?"

Kiboko akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto asiyejua kuvaa viatu. "Tusipompima tutajuaje ni kwa kanuni ipi hakuingia?"

Dirisha la zahanati likafunguka. Bi Tumbili akatoa kichwa. "Nguchiro, mtoto amekaaje?"

"Kingamo."

"Mlete. Mlete sasa hivi."

"Kuzungumza dirishani kumekatazwa," Kiboko akasema bila kugeuka. Dirisha likafungwa, likafunguka, bandeji moja ikarushwa nje kwa hasira, likafungwa tena.

Nguchiro akarudi mbio. Machela hawakuwa nayo. Ile barakoa walikuwa nayo. Wakamlaza Mize juu yake, Nguchiro akang'ata kamba moja ya sikio, akavuta. Bi Kobe akasema naye anakuja, watangulie. Wakatangulia.

Njia ilikuwa ndefu na ina mawe. Kila jiwe Mize alikuwa na neno nalo.

"Ulisema utaitengeneza hii njia."

"Nilisema."

"Lini?"

"Mwaka juzi. Pumua, mke wangu."

"Napumua. Nani amekwambia sipumui?"

Walifika jua liko utosini. Mbele ya geti hapakuwa na hata kivuli cha unyasi. Kiboko alikuwa palepale, anang'aa, kibuyu kimelazwa chini ya tumbo lake ambako kulikuwa na ubaridi kidogo.

"Paji," akasema.

Pwata. Hakufika hata saba. Samli ikalainika, ikateleza, ikamshuka Mize puani, tii, tii, tii.

"Homa," Kiboko akasema. "Kali. Mwondoe karibu na geti."

"Afande, ni jua hilo."

"Jua halimo kwenye kanuni."

Mize akamshika mume wake mkono. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililomtisha Nguchiro. Mwanamke huyu alikuwa amegombana na mawe njia nzima. Sasa alikuwa kimya.

Nguchiro akatazama samli iliyokuwa ikidondoka mchangani. Akakumbuka donge la asubuhi. Kama samli ndiyo iliyosema, basi asubuhi kijiji kizima ni wazima na mchana kijiji kizima ni wagonjwa. Kumweleza Kiboko hivyo kungechukua mpaka masika. Akatazama paji la Kiboko: pana kama ungo wa kupepetea, limekaa juani tangu asubuhi. Na jasho jekundu lilikuwa likimtoka, kama kawaida ya viboko wote.

Akaketi mbali kidogo, kwa heshima.

"Afande, uko hapa siku ya ngapi?"

"Arobaini."

"Umewapima wangapi?"

"Wote."

"Wote. Kazi kubwa. Na wewe anakupima nani?"

Kiboko akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Inzi akaingia, akazunguka, akatoka.

"Mimi ndiye mpimaji," akasema mwishowe.

"Ndiyo maana nikauliza. Watu hawa wote wamekukoholea puani siku arobaini. Mimi sina wasiwasi na wewe. Ni huko kisimani tu, maneno ya watu."

"Wanasema nini kisimani?"

"Wanasema, 'Afande anaogopa samli.'"

Kiboko akavuta kibuyu kwa mguu. "Weka," akasema. "Donge kubwa."

Nguchiro akachota donge la ngumi mbili, akapanda juu ya pua ya Kiboko, akalibandika. Pwata. Akashuka, akaanza kuhesabu taratibu kama mwalimu. "Moja. Mbili. Tatu."

Nne haikuhesabiwa. Samli yote iliyeyuka, chwaaa, ikashuka paji, ikashuka pua, ikajaa pembe za mdomo. Kiboko akailamba bila kukusudia.

"Hiyo ni nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sipendi kusema, Afande. Wewe husema vizuri zaidi."

"Homa."

"Kali."

"Lakini sijisikii homa."

"Na Twiga alisema hivyohivyo. Ulimjibu nini?"

Kiboko akakumbuka alichomjibu: samli haidanganyi.

"Tena, Afande, sitaki kukuongezea mawazo, lakini jasho lako ni jekundu."

"Jasho langu ni jekundu tangu utotoni."

"Pole sana," Nguchiro akasema. "Kumbe umeugua muda mrefu."

Kiboko akasimama. Akasogea nyuma, mbali na geti, hatua moja, ya pili, akijitenga na yeye mwenyewe. "Mwenye homa asikae karibu na zahanati," akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza kwa kanuni aliyoisema mara elfu. "Akakae peke yake siku kumi na nne. Nitakaa bwawani. Lakini geti? Geti haliwezi kukaa peke yake."

"Kanuni inasemaje mlinzi akiugua?"

"Geti apewe mtu aliyepimwa siku hiyohiyo akakutwa mzima."

"Na leo nani amepimwa akakutwa mzima?"

Kiboko akafikiri. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama chini, akauona mstari mweupe kati ya macho mawili madogo.

"Wewe," akasema. "Nilikuchora mwenyewe."

"Sijaufuta," Nguchiro akasema.

Kiboko akageuka, akakimbia, gudu gudu gudu, nchi ikatikisika, na kutoka mbali ikasikika chubwiii. Kisha kimya.

Nguchiro akaketi mahali pa mlinzi. Palikuwa papana, akaketi pembeni. Akakohoa kidogo kusafisha koo, akakumbuka, akaacha.

"Mgonjwa, una shida gani?"

"Nguchiro," Mize akasema, "nikipona nitakuua."

"Mgonjwa ana shida. Apite."

Geti likafunguka, ng'waaa, kwa bawaba zilizokaa siku arobaini bila kuguswa. Bi Tumbili alikuwa amesimama mlangoni, maji ya moto tayari, mikono ameshaisugua kwa sabuni hadi viwikoni. Akafunga barakoa yake, ambayo alikuwa ameipunguza kwa mkasi siku ya kwanza, kitu ambacho hakuna mwingine aliyekifikiria. Akamwinamia Mize.

"Vuta pumzi, mama. Mimi namgeuza, wewe usinisaidie."

Nguchiro akarudi getini, maana kusikiliza hakuweza. Akasikia Mize analia. Akasikia kimya. Akazikunja kamba za geti na kuzikunjua. Kivuli chake kikarefuka, kikavuka njia, kikagusa ndoo.

Ndipo akaja Twiga, polepole, ameinamia upande mmoja.

"Afande yuko wapi?"

"Anaumwa. Nawa mikono, pita, kaa chini ya dirisha lililo wazi."

"Hunipimi?"

"Umekohoa?"

"Hapana. Mgongo."

"Basi ni mgongo. Pita."

Habari ikafika kijijini kabla Twiga hajakaa. Akaja Swala na mguu uliovunjika, akaja Ngiri na jino. Nungunungu alikuja anakohoa kweli. Bi Tumbili alipiga kelele kutoka ndani kwamba huyo apelekwe kile chumba cha nyuma peke yake, naye atamwendea akimaliza. Kumbe chumba cha nyuma kilikuwepo siku zote.

Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya kilima wakati Mzee Tembo mwenyewe alipotokea. Shavu lilikuwa limemvimba. Jino lilikuwa likimuuma wiki tatu, lakini alikuwa ameogopa kupimwa.

"Nguchiro. Nani amekuweka hapa?"

"Kanuni, mzee." Akamwonyesha mstari wa jivu.

"Kiboko?"

"Samli imemkuta na homa. Yuko bwawani."

Nguchiro akachukua kibuyu, akakitikisa. Kilisikika majimaji.

"Tukupime, mzee, kabla hujaingia?"

Tembo akatazama kibuyu. Akatazama jua. Akatazama samli iliyomwagika mchangani, foleni ndefu mpaka mtoni, na Twiga aliyelala chini ya dirisha kwa hiari yake kwa mara ya kwanza. Hakuwa mjinga, alikuwa tu hajawahi kusimama getini.

Kabla hajajibu, ndani kukasikika sauti nyembamba, kali, ya mtu mdogo aliyekasirishwa na kila kitu.

Nguchiro akaangusha kibuyu.

Bi Tumbili akatoka, jasho linamtiririka. "Wa kike. Mama yake mzima. Anauliza ile njia utaitengeneza lini."

Nguchiro akaketi chini, palepale kwenye samli, akafunika uso kwa mkia. Mzee Tembo akageukia upande mwingine, akajidai anatazama kilima.

"Kunawa kubaki," Tembo akasema. "Barakoa zibaki, ila zikatwe. Wanaokohoa waende chumba cha nyuma, wengine watibiwe. Samli iende jikoni." Akashika shavu. "Na mimi niende kwenye jino."

Ndipo Bi Kobe akafika. Akauliza kama amechelewa.

Kiboko alimaliza siku zake kumi na nne bwawani, hakuiba hata moja. Kila asubuhi alijibandika samli mpya ya Bi Nyati ndani ya maji baridi, ikaganda kama jiwe, naye akajitangazia kuwa amepona. Mpaka leo anasimulia kwamba ugonjwa ule ulimpata mkali kuliko wote, na hakuna aliyemkatalia, maana alirudi getini mpole, na sasa humwuliza kila anayefika: "Una shida gani?"

Funzo ni moja: anayekabidhiwa kipimo aanze kujipima mwenyewe.

Hadithi imeishia getini. Aliyecheka, alicheka, aliyekohoa, akanawe mikono.