Asumini za Alhamisi

Pilipili usiyoila yakuwashiani? Wahenga walipouliza swali hili hawakuwa wakingoja jibu. Walikuwa wakimsuta mtu anayeungua kwa jambo lisilo lake, au kwa jambo alilolikataa yeye mwenyewe, tena kwa kinywa kipana. Basi na tumtazame Waridi, mke wa Ridhwan, mkaazi wa mtaa wa Kabiria jijini Nairobi, aliyeikataa pilipili hadi majirani wakasikia, na bado ikamtoa machozi.

Waridi alikuwa ua kwa jina tu. Alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili katikati ya jiji, na kwake kitu kilikuwa na maana kikiliwa, kikivaliwa au kikizuia mvua. Mumewe, muuzaji katika duka la vitambaa huko huko mjini, alikuwa mtu wa ndoto. Wote wawili walitoka Mombasa, na Ridhwan alikuja Nairobi na desturi ya kwao nzima nzima: Alhamisi jioni mume haingii nyumbani mikono mitupu, humletea mkewe asumini. Kwa kuwa Nairobi hazipatikani kila pembe, aliupanda mwasumini katika debe la rangi kwenye roshani yao, ghorofa ya tatu, akaulea kama mwana. Baridi ya Julai ilipoingia aliufunika gunia.

Kila Alhamisi alizitunga asumini, akazichanganya na rehani, akamkabidhi mkewe kikuba. Waridi alikipokea kama mtu aliyepewa risiti, akakitupia juu ya friji. Kesho yake kilikuwa kimenyauka.

"Ridhwan, asumini hainunui unga," alikuwa akimwambia.

"Mke wangu, nyumba haisimami kwa unga peke yake."

"Kwa maua je, inasimama?"

Siku moja maji yalikatika Kabiria nzima. Waridi alinunua mitungi kwa mwenye mkokoteni, akapanda nayo ngazi mwenyewe, jasho likimtiririka hadi kisiginoni. Alipofungua mlango alimkuta mumewe akimimina maji ya akiba, yaliyokuwa yamebaki kidogo tu, kwenye debe la mwasumini. Lo! Hasira zilimpanda hadi utosini.

"Maji ya kupikia unayanywesha majani?" alifoka. "Kama haya maua yako yana faida, si uyauze! Mimi siyataki. Usiniletee tena!"

Ridhwan aliiweka kata chini taratibu. "Haya, umesema," alijibu.

Alhamisi iliyofuata hakikuja kikuba. Waridi alifurahi, friji yake ikawa safi. Lakini wiki zilivyopita aliona jambo. Vitumba alivyoviona Jumatano vikiwa vimejaa mtini, Alhamisi asubuhi havikuwapo, vyote vimechumwa. Na siku hiyo Ridhwan alichelewa kurudi, vidole vikinukia.

Anampelekea nani?

Hapo wivu ukamwingia, na wivu haubishi hodi. Alinusa mashati. Alikagua kola. Ridhwan alipoleta tangi jipya la maji na kuliweka jikoni, Waridi alilisifu kwa majirani, lakini moyoni alisema mwanamume mwenye makosa ndiye anunuaye vitu bila kuombwa. Alipofumba macho alimwona mwanamke fulani akicheka, mwanamke asiyejua hata bei ya unga, asumini zimemjaa nyweleni. Alimchukia kabla hajamjua jina.

Mwishowe alimwaga moyo wake kwa Ndunge, karani mwenzake, mwenyeji wa Machakos asiyejua kupaka maneno asali.

"Aki Waridi," Ndunge alisema huku akitafuna karanga, "si ni wewe ulisema hiyo maua ni takataka? Sasa akipea mtu mwingine, inakuuma wapi?"

"Ni mume wangu, Ndunge!"

"Bwana ni yako. Maua ulikataa."

Waridi alichukua faili lake, akarudi mezani kwake.

Alhamisi iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, alipitia dukani kwa mumewe bila kumwarifu. Kabla hajaingia alimsikia akizungumza kwenye simu: "Usiwe na wasiwasi, Nisreen. Nazileta mwenyewe Muthangari jioni. Za leo ni nzuri kuliko zote."

Nisreen! Jina lenyewe lilimpasua kifua. Alirudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Jioni alisingizia maumivu ya kichwa, akatoka ofisini mapema, akajibanza nyuma ya wachuuzi wa viatu mbele ya duka. Ridhwan alipotoka, amekumbatia kopo la biskuti lililofunikwa kitambaa kibichi, alimfuata kwa mbali mpaka Muthangari.

Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa kama alivyomwogopa: wanja machoni, mtandio umeteleza mabegani. Alilifunua kopo, akafumba macho, akavuta harufu mpaka mabega yakapanda.

"Mashaallah, Ridhwan! Mungu akubarikie mikono."

Harufu ile ilivyovutwa ndivyo Waridi alivyochomwa. Yeye, katika miaka yote ya ndoa, hakuwahi kuvuta hata kidogo.

"Kumbe ndiye huyu!" alipiga kelele akiingia langoni mbio. "Ndiye huyu unayemvika maua yangu!"

Ridhwan aligeuka, uso umempauka. Nisreen alisogea kando, na hapo Waridi akaona sebuleni. Bibi harusi alikuwa ameketi mkekani, mikono ameinyoosha, hina bado mbichi. Shangazi na mama wadogo walikuwa wamemzunguka, na wote waligeuka kumtazama mgeni. Nisreen alikuwa mpambaji wa maharusi.

"Karibu, dada," Nisreen alisema kwa upole. "Wewe ndiwe Waridi? Mumeo hutuambia wewe ndiwe uliyempa shauri la kuziuza asumini zake. Sisi tulikuwa tukiagiza asumini Mombasa, zikitufikia zimeshakufa. Tunakuombea dua kila wiki."

Waridi alitamani ardhi ipasuke immeze. Shangazi mmoja alijifunika mdomo kwa leso, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Na pesa zake?" aliuliza kwa sauti ndogo, kwani hakujua aulize nini tena.

"Unazioga," Ridhwan alijibu. "Tangi la jikoni limetoka hapa. Nilikuona siku ile ukiingia na mitungi, jasho likikutiririka."

Waliondoka pale wakirudi kwa miguu. Mahali fulani karibu na Kawangware Waridi alijikaza.

"Ridhwan, Alhamisi ijayo nataka kikuba changu."

Zamani Ridhwan angeruka kwa furaha. Sasa alifikiri kwanza.

"Za Alhamisi ijayo zimeshaagizwa, mke wangu. Kuna harusi mbili. Msimu wa harusi ukipita nitakuwekea. Uniambie mapema tu, maana wateja ni wengi."

Hakusema kwa kulipiza kisasi. Alisema kama mtu mwenye kazi zake, mtu wa kushika lililopo, mume yule yule ambaye Waridi alimtaka miaka yote. Waridi alimshika mkono. Vidole bado vilinukia. Aliuinua mkono ule mpaka puani, pale pale njiani watu wakipita, akafumba macho, akavuta harufu mpaka mabega yakapanda. Alipoyafumbua, macho yalikuwa yamejaa machozi, na hakuwa na wa kumlaumu. Aliikataa kwa kinywa chake mwenyewe, na pilipili usiyoila yakuwashiani?