Aliyeipakata Mashine ya Bi Mwantumu

Hapo zamani, lakini si zamani ya kwenda kuwauliza mababu. Zamani ya juzi tu, watu walipokuwa wamekwisha kuzoea simu za mkononi ila hawajazoea umeme kukaa siku nzima bila kukatika. Sogeeni karibu, maana mwishoni nitawauliza jambo, na asiyesikiliza atajibu ovyo.

Huko milimani Usambara, mahali paitwapo Kwemuhina, palikuwa na ofisi ya kuchora ramani za majengo. Mwenye ofisi alikuwa Bi Mwantumu Shekiango, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Chini yake walikuwa watu watatu. Sauda alichora. Hozza alipima viwanja na kwenda popote palipotakiwa kuendwa. Eliakimu aliongea na wateja, kwa sababu aliweza kumweleza mtu nyumba ambayo haijajengwa mpaka mtu huyo akataka kuvua viatu mlangoni.

Ofisi ile ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, sanduku lake na kioo chake. Ilikuwa ya wote. Sauda alidhani Hozza anaifuta vumbi. Hozza alidhani Eliakimu anaifuta. Eliakimu alidhani mashine hazifutwi. Umeme ulipokatika, kazi ya asubuhi nzima ilikwenda nao. Mwishowe siku moja sanduku likakohoa, likatoa moshi, likanyamaza. Walipolifungua wakakuta vumbi ndani limelala kama unga kwenye kinu.

Bi Mwantumu hakugomba. Aliagiza mashine nyingine kutoka Tanga. Ikaja katika boksi, na juu ya boksi muuzaji alikuwa ameandika kwa wino mzito neno moja tu: MPAKATO.

Wakaitoa. Wakatazamana. Ilikuwa pana kama sinia la pilau la harusini. Kibodi yake ilikuwa kamili, na tarakimu zake zimejipanga pembeni kama za mashine ya dukani. Kioo chake kilionyesha nyumba nzima, msingi hadi paa, bila kusogeza kitu. Umeme ukikatika haizimi. Lakini uzito wake! Hozza aliinyanyua akairudisha chini.

"Mpakato? Hii?" akasema. "Anayeipakata hii, akiinuka atataka mkongojo."

"Leta mezani," akasema Sauda. "Hiyo ni ya mezani, imekosewa jina tu."

Wakaiweka pale pale alipokaa marehemu, wakaichomeka ukutani, ikawaka. Chumba kizima kikawa kama kimefunguliwa dirisha jipya.

Bi Mwantumu aliitazama, akawatazama wao. "Sikilizeni, wanangu. Soko likija kupata paa ama lisipate, mwaka huu mimi naondoka. Nakwenda Korogwe kumlea mjukuu. Ile ya kwanza ilikuwa yenu wote, ndiyo maana ikafa kwa vumbi. Hii itakuwa ya mmoja, na ofisi itamfuata mwenye mashine. Mwenye duka kaandika mpakato. Basi atakayeipakata, ndiyo yake."

Wakacheka wote. Lakini niwaambie: walicheka, na kila mmoja akayaangusha macho kwenye mapaja yake mwenyewe.

Soko alilolitaja Bi Mwantumu lilikuwa soko kuu la mji wa bondeni. Upepo ulikuwa umeling'oa paa, na wachuuzi walikuwa wakiuza nyanya chini ya maturubai. Halmashauri ikatangaza: anayetaka kulichora upya na alete mchoro wake, na wachuuzi wenyewe watachagua. Ofisi mbili za mjini zilijitokeza, ofisi kubwa, zenye mashine za kuchapa karatasi pana kama shuka. Ya tatu ilikuwa ya Kwemuhina. Hozza alishuka bondeni na kamba yake ya kupimia, akapima kila meza, akarudi na vipimo. Sauda akaanza kuchora.

Ndipo ikaanza mvua.

Ilinyesha mvua ya milimani, ile isiyo na haraka. Paa la ofisi likavuja, tena likavuja juu ya meza. Wakaisogeza meza, tundu likafuata. Pakavu palibaki mahali pamoja tu, pembe ya nyuma ya kabati, pa kutosha kigoda kimoja na mtu mmoja. Sauda akaingia pale na kigoda. Akaweka ungo mapajani. Juu ya ungo akaiweka mashine. Waya ukaning'inia kutoka ukutani, kipanya akakiendesha juu ya goti.

Mvua haikuacha, naye hakuacha. Feni ya mashine ilimpulizia joto tumboni kama jiko. Miguu ilikufa ganzi, akaiamsha kwa makofi, ikafa tena. Eliakimu alipomletea chai alisema, "Dada Sauda, inuka ujinyooshe."

"Nikiinuka nitaiweka wapi? Juu ya kichwa chako?"

Alimaliza. Soko lote lilikuwa mle ndani, na paa lenye mbavu pana, na maji ya mvua yanakwenda kwenye mfereji wake. Ukubwa wa kioo ulimwezesha kuweka hata nyanya juu ya meza. Aliposimama, magoti yalikataa, ikabidi Bi Mwantumu amkande.

Alipakata au hakupakata? Ngojeni kwanza.

Mchoro ulitakiwa ukachapwe Tanga. Lakini mlima ulikuwa umeporomoka, barabara ya Tanga imefungwa. Iliyobaki wazi ni njia ya nyuma tu, ya kushukia bondeni, na gari lililothubutu kuipita ni lori la kabichi.

"Basi tusipeleke karatasi," akasema Bi Mwantumu. "Pelekeni mashine yenyewe."

Wakapanda lorini. Sauda akakaa mbele kwa dereva, maana magoti yake yalikuwa hayajapona, na Bi Mwantumu akabanwa pembeni yake. Eliakimu na Hozza wakapanda juu ya kabichi. Hozza akavua koti lake, akaivisha mashine. Akavua sweta, akaivisha tena. Akaketi katikati ya kabichi kifua wazi, akaiweka mapajani, akaizungushia mikono.

Njia ile ni kona juu ya kona. Kila lori lilipoinama, kabichi zilibingirika, na Hozza akabingirika nazo, ila mapaja yake hayakusogea. Kabichi moja ilimpiga sikio. Kwenye shimo moja aliruka juu akatua kwa mgongo, mashine ikiwa bado kifuani. Baridi ilimgonganisha meno.

"Kaka Hozza, nipe nikupokee kidogo," akasema Eliakimu.

"Wewe shika mdomo wako. Ndio tutakaouhitaji huko chini."

Walipofika, Hozza hakuweza kuinyoosha mikono. Ilikuwa imeganda katika umbo la mtu aliyebeba mtoto. Wakaifunua mashine: haina tone, haina mkwaruzo.

Alipakata au hakupakata? Ngojeni tena.

Wachuuzi walikusanywa katika ghala la zamani la kahawa, ghala lenye vidirisha vidogo juu sana. Umeme ulikuwa umekatika. Ofisi za mjini zilikuwa zimekwisha kutundika karatasi zao ukutani, nzuri, safi, zilizojaa mistari. Lakini gizani mle karatasi zilikuwa shuka tu. Wachuuzi walisogea, wakakodoa, wakarudi nyuma. Mbele yao alisimama Mama Kijazi, muuza nyanya, ambaye sokoni hakuna bei inayopita bila yeye kuikoholea.

"Mimi naona kamba za kuanikia nguo," akasema. "Soko liko wapi?"

Watu wakacheka. Zamu ya Kwemuhina ikafika. Meza hakuna, palikuwa na mabenchi tu. Na betri, jamani, betri ya mashine kubwa kiasi kile hula kama mtu aliyetoka kulima. Eliakimu alijua hana muda wa kutafuta meza.

Akaketi kwenye benchi mbele ya watu. Akaiweka mashine mapajani, akaigeuza, kioo kikawatazama wachuuzi na mgongo wa kioo ukamtazama yeye. Akapitisha mikono kando kando ya kioo, kama mtu anayekumbatia mti, vidole vikatafuta vitufe kwa kupapasa. Yeye mwenyewe hakuona kitu. Akabonyeza.

Ghala likawaka. Katika giza lile kioo kile kilikuwa kama mlango wa soko lenyewe, umefunguliwa mchana.

"Karibuni ndani," akasema Eliakimu. "Tunaingia kwa lango la juu. Kushoto kwenu ndizi. Msiteleze, hapa maji hayatuami tena. Tunapita kwa wauza viazi. Sasa kata kulia..." Kila alipobonyeza alisema kilichokuwa kikionekana, naye hakioni, anakiona kichwani tu. Akawa anageuka polepole juu ya benchi lake, upande huu waone, upande ule waone.

"Meza yangu!" Mama Kijazi akapiga ukelele. "Nyie, ile ni meza yangu! Ya kona, yenye mguu mfupi! Na mvua haiipati! Tazameni, mvua haiipati!"

"Na yangu ile!"

"Mimi je? Niko wapi mimi? Geuza, baba, geuza!"

Akageuza. Wakasimama wote. Vigelegele vikapanda mpaka popo wakatoka darini. Halafu kioo kikazima. Betri ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyejali, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kuiona meza yake.

Walipoambiwa waende wakasimame mbele ya mchoro wanaoutaka, walimzunguka Eliakimu na benchi lake, wakamnyanyua na mashine yake mapajani, wakamnyanyua Hozza, wakamnyanyua Sauda na magoti yake mabovu, wakatoka nao nje mvuani wakiimba. Hata mabwana wa ofisi za mjini walipiga makofi. Mmoja aliuliza, "Mashine hii mnaiitaje?"

"Mpakato!" wakajibu watatu kwa pamoja.

Na soko likajengwa. Lipo. Mvua inanyesha, Mama Kijazi anauza nyanya zake pakavu.

Sasa siku ya Bi Mwantumu kuondoka ikafika. Sanduku lake la nguo liko mlangoni, gari la Korogwe linasubiri barabarani. Mashine iko mezani. Watatu wamesimama.

Sauda akasema: "Mama, mpakato ni mashine ya kufanyia kazi mapajani. Mimi niliifanyia kazi mapajani. Lile soko lilizaliwa juu ya magoti haya. Kama huko si kupakata, nifundisheni kupakata."

"Dada yangu," akasema Hozza, "wewe ulipakata ungo. Ungo ndio ulioipakata mashine."

"Na mtoto akiwekewa nepi, anayepakatwa ni nepi?"

Hozza akakuna kichwa. Kisha akasema: "Mama, mtu anapakata kitu asije kikaumia. Mimi niliivisha nguo zangu, nikabaki uchi mbele ya kabichi. Ningeiachia mara moja tu, leo wachuuzi wako chini ya maturubai. Kama huko si kupakata, nifundisheni."

"Lakini ilikuwa imezimwa, kaka," akasema Eliakimu. "Mashine iliyozimwa ni mzigo. Ulibeba mzigo, vizuri sana, Mungu akulipe."

"Kwa hiyo mtoto akilala hapakatwi tena?"

Eliakimu akacheka, akakubali. Kisha akasema: "Mama, mtu anapompakata mtoto mbele ya wageni, humgeuza wamwone. Mimi niliipakata wote waione, nikakubali nisione mimi. Kazi ya Sauda na safari ya Hozza zingebaki gizani. Kama huko si kupakata, nifundisheni."

"Wewe uliipakata kidogo kuliko sisi sote," akasema Sauda. "Betri yenyewe ilikukimbia!"

"Na kabla haijanikimbia, nani alishangiliwa?"

Wakacheka tena wote watatu, maana walipendana. Hilo ndilo lililomfunga Bi Mwantumu mikono. Wangegombana angempa aliyegombana kidogo.

"Basi iwe yetu sote," akasema Hozza.

Bi Mwantumu akapitisha kidole juu ya kioo. Kikatoka na vumbi. Akawaonyesha kile kidole. Wote wakainamisha vichwa.

Nimeisimulia habari hii mahali pengi. Washonaji wa Soni waliniambia ni ya Sauda, wala hawakutaka kusikia la pili. Madereva wa Mombo walisema ni ya Hozza, wakanishangaa kwa kuuliza. Mwalimu mmoja wa Bumbuli, mtu wa kufikiri sana, alisema ni ya Eliakimu, kisha akanifuata hadi njiani kuniambia amebadili mawazo, kisha akabadili tena. Mimi kila nikisimulia humwona mwingine. Nimeacha kujiamini.

Lakini honi ya gari la Korogwe inalia kwa mara nyingine. Bi Mwantumu ameichomoa mashine ukutani, ameinyanyua kwa mikono yake miwili mifupi, na uzito wake mnaujua. Watatu wameketi kwenye benchi, magoti pamoja, mapaja tayari, wanamtazama. Mikono ya bibi wa watu inaanza kushuka.

Haya, ninyi mliosikiliza, semeni upesi: aiweke mapajani mwa nani?