Foleni ya Njia ya Wembe

Mwaka ule mbuga ilikauka hata viboko wakawa wanaazimana tope. Mto ulibaki jina tu. Twiga, ambaye huona mbali kuliko wote, alipoulizwa anaona nini alijibu kwamba anaona vumbi, na nyuma ya vumbi anaona vumbi jingine. Maji yalikuwa mahali pamoja: juu mlimani, karibu na kilele, kwenye kishimo ambamo barafu huyeyuka jua likipanda.

Simba akatangaza amani ya ukame. Hakuna kuliwa mtu mpaka mvua inyeshe.

"Na atakayekufa mwenyewe?" aliuliza Fisi.

"Aliyekufa mwenyewe hakuuawa na mtu," alisema Simba, ambaye hakupenda maswali.

"Basi hapo tumeelewana," alisema Fisi, akakaa chini kwa raha zake.

Shida ilikuwa njia. Ili kuyafikia maji ilibidi kupita Wembe, ukingo mwembamba wa jiwe, ukuta upande wa kushoto, na upande wa kulia hakuna kitu. Mbuzi Mawe, aliyezaliwa huko huko juu, alikuwa na sheria yake kwa wageni: Wembeni hupita mmoja, na mwingine haingii mpaka yule wa kwanza atoke. Na asiyewahi kupanda alale kwanza kwenye majabali ya chini, mwili uzoee hewa. Sungura alikwenda kumwuliza yeye mwenyewe, akasikia vizuri, akashukuru, akateremka. Wembe hakuufikia. Aliishia pale alipomkuta Mbuzi Mawe, miti inapoishia, upepo ulipoanza kumvuta masikio, akaona safari imetosha.

Akawa anawaza njia nzima. Sheria ya Mbuzi Mawe ilikuwa nzuri, lakini ilitaka subira nyingi, na wanyama wenye kiu subira watapata wapi? Alipofika mbugani alisema ametoka kileleni.

"Kukoje huko?" walimwuliza.

"Kawaida tu," alisema Sungura.

Neno hilo likampa cheo. Angesema kunatisha, wangemwuliza mengine. Alivyosema kawaida, wote walinyamaza kwa heshima.

Akafungua mafunzo ya kupanda mlima kwenye kichuguu kilichokuwa karibu na kichaka chake. Mwanafunzi alipanda kichuguu, akasimama juu, akashuka upande wa pili, akavishwa kitanzi cha nyasi shingoni. Mwenye kitanzi amefuzu. Ujira ulikuwa mdogo: kila atakayekunywa juu amletee mwalimu kata ya maji. Mwalimu mwenyewe hakuwa na nia ya kwenda popote.

Pundamilia alifuzu. Ngiri alifuzu, ingawa kichuguu kilimeguka upande mmoja. Nyati hakupanda kabisa, alikizunguka tu akasema amemaliza, na Sungura alipozitazama zile pembe akaona kweli amemaliza. Fisi alifuzu mara mbili, kwa kuwa kitanzi cha kwanza alikila.

Upande wa pili wa kichaka kile kile waliishi jirani zake, Baba Tabu na Mama Tabu, digidigi. Digidigi huishi wawili wawili maisha yao yote. Ukimwona mmoja, mwenzake yuko hapo karibu anakutazama. Mtoto wao alizaliwa katikati ya ukame, ndiyo maana wakamwita Tabu, na sasa maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka. Mama asipokunywa maji, mtoto hatamaliza wiki. Hilo kila mtu kichakani alilijua.

Mama Tabu alipanda kichuguu hadi katikati, akashikwa na kizunguzungu, akashuka.

"Shemeji," alimwambia Sungura kwa sauti ya chini, "niambie ukweli. Miguu yangu hii itafika?"

Hapa Sungura alikuwa na nafasi ya kusema, na tusimwonee, aliifikiria. Lakini Nyati na Pundamilia walikuwa wamesimama pale pale, masikio wazi. Akimwambia jirani yake asiende, wengine watauliza kwa nini, na akianza kujibu hapatabaki mafunzo wala kata ya maji.

"Itafika," alisema, akamvisha kitanzi. "Tena nitakuweka mbele kabisa, nyuma ya Simba, unywe kabla Fisi hajayatia mdomo."

Na kweli alimweka. Katika yote aliyoyaahidi msimu ule, hilo ndilo alilolitimiza, na ndilo lililokuja kumuuma kuliko mengine.

Siku ya safari walijipanga chini ya mlima. Fisi aliwekwa mwisho kabisa, kwa makubaliano ya wote. Sungura akasimama pembeni kuwaaga.

"Unamuaga nani?" aliuliza Simba. "Wewe unatangulia."

"Mimi, Mzee? Nani atabaki kulinda—"

"Mfalme hapotei njia mbele ya raia zake. Ikitokea amepotea, basi awe amepotezwa na mtu."

Sungura akatangulia.

Miguu ya nyuma ya sungura ni mirefu, kwa hiyo kupanda humpendeza. Huko chini alikwenda anaruka, anageuka, anatoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Baba Tabu alibaki na mtoto pale miti inapoishia, akamwambia mkewe, "Usikimbilie, mama. Wakikusukuma, wapishe." Mama Tabu aliitikia kwa kichwa, kisha akarudi kumlamba mtoto usoni, kisha akakimbia kuirudia nafasi yake.

Kwenye majabali walimkuta Mbuzi Mawe amesimama juu ya jiwe.

"Mnakwenda wapi wote kwa pamoja hivyo?"

"Wamefuzu," alisema Sungura bila kusimama.

Mbuzi Mawe alivitazama vile vitanzi. "Wamefuzu nini?"

Lakini foleni ilikuwa ndefu na wa nyuma walikuwa wanasukuma, kwa hiyo hakuna aliyesimama kumjibu. Hakuna aliyelala kwenye majabali pia. Walipita moja kwa moja.

Wakaingia Wembeni wote, mmoja nyuma ya mwingine, pua ya huyu kwenye mkia wa yule. Walipofika katikati, Simba akasimama.

Alikuwa anaumwa. Kichwa kilimgonga, tumbo lilimpanda kooni, na jiwe alilolikanyaga aliliona linayumba. Lakini simba hawezi kusema anaumwa.

"Mzee, mbona umesimama?" aliuliza Sungura.

"Naitazama nchi yangu."

Foleni nzima ikasimama kuitazama nchi ya Simba. Baridi ikaanza kuingia kwenye mifupa. Nyati alipumua kwa nguvu, na hewa ikamtoka nyeupe. Mama Tabu alikuwa anatetemeka miguu yote minne, na kila alipotetemeka vikokoto viliteleza vikaanguka upande wa kulia, na hakuna aliyevisikia vinafika chini.

Sungura alitazama mbele, njia ikazidi kuwa nyembamba kisha ikapotea kwenye kona. Akatazama juu, akaona wingu jeusi linashuka. Kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze aliogopa kweli.

"Mzee, turudi."

"Simba harudi nyuma."

"Basi niruhusu niwaambie wao."

Simba hakujibu, maana angefungua kinywa yangetoka mengine. Sungura akasimama kwa miguu ya nyuma, akapaza sauti kupita manyoya ya mfalme.

"Jamani, sikilizeni! Mimi sijawahi kufika hapa! Njia siijui! Vile vitanzi havina maana yoyote! Wa mwisho ageuke, turudi chini!"

Fisi akaangua kicheko kutoka mkiani.

"Mnamsikia? Huyo ameyaona maji! Anataka tugeuke ayanywe peke yake!"

"Lo! Sungura bwana!" alisema Pundamilia, na foleni nzima ikacheka, kwa sababu huyo ndiye Sungura waliyemjua. Wakapata moyo. Wakasukuma.

Fisi alimsukuma Nyati, Nyati akamwegemea Pundamilia, Pundamilia akamgonga Ngiri, Ngiri akamgonga Mama Tabu. Mama Tabu hakuwa na wa kumsukuma ila Simba, na Simba hasukumiki. Alijaribu kupisha. Hapakuwa na mahali pa kupishia.

Hakupiga kelele. Alisema, "Shemeji," kama mtu anayetaka kuuliza jambo, kisha hakuwepo.

Wa katikati hawakuona. Fisi aliona, kwa sababu hayo ndiyo mambo anayoyaona.

"Aliyekufa mwenyewe," alijisemea, akageuka, akashuka mbio kuelekea korongoni.

Hicho ndicho kilichowaokoa waliobaki. Mkia ulipoondoka, Nyati akapata nafasi ya kurudi kinyumenyume, na Pundamilia nyuma yake, na Ngiri. Simba naye alirudi kinyumenyume, akisema ameshamaliza kuitazama. Sungura alitoka wa mwisho. Ile miguu mirefu iliyompendeza wakati wa kupanda sasa ilimsukumia mbele kila hatua, akawa anajikokota kwa kifua, kidevu kinachunika kwenye mawe.

Walipofika kwenye miti wingu likapasuka, ikanyesha mvua ya mawe. Ilianguka mpaka nyasi zote zikafunikwa na barafu, na wanyama wakainamisha vichwa wakalamba, wakatafuna, wakashiba maji pale pale walipopita asubuhi. Tabu naye alilamba.

Simba alipopata nafuu alipanda kwenye gogo.

"Mmeona?" alisema. "Sungura alijua mvua inakuja. Akatugeuza kwa hekima. Kuanzia leo yeye ndiye kiongozi mkuu wa njia ya mlimani, na kesho, barafu hii ikiisha, tunapanda tena."

Wakashangilia. Sungura akasogea mbele, kidevu kinavuja damu.

"Sikujua lolote," alisema. "Kileleni sijawahi kufika. Niliwadanganya. Mama Tabu ameanguka kwa sababu yangu."

"Mnaona unyenyekevu wake?" alisema Simba. "Usijilaumu, kijana. Mlima ndivyo ulivyo."

"Ndivyo ulivyo," walisema wengine kwa huzuni ya kiasi, wakarudi kulamba barafu. Fisi alirejea akiwa amechelewa, hakutaka maji, na hakuna aliyemwuliza alikotoka.

Baba Tabu alikuwa anapita kati ya wanyama, anamtazama kila mmoja usoni, mtoto nyuma yake. Alipomfikia Sungura alisimama.

"Nimekusikia ukisema hukuwahi kufika."

"Sikuwahi."

"Na siku ile alipokuuliza juu ya miguu yake?"

"Nilijua haitafika."

"Nakuamini," alisema Baba Tabu.

Katika umati wote ule ni yeye peke yake aliyeamini. Sungura alikuwa ameomba aaminiwe tangu kule Wembeni, na sasa alipoaminiwa alitamani ardhi immeze.

"Kwenye kile kichaka usirudi," alisema Baba Tabu. "Na mwanangu asikuone."

Sungura akageuka, akaondoka.

Kesho yake Simba alimtuma mtu amwite kiongozi mkuu, asipatikane. Wenye vitanzi walipanda bila yeye, kwa kuwa walikuwa wamefuzu, na waliorudi hawakuwa wote. Sungura toka siku hiyo hana nyumba wala jirani. Hulala kwenye nyasi za wazi, peke yake, masikio juu, na akisikia hatua za mtu hukimbia kabla hajaulizwa njia.

Kwa hiyo mtu akikujia na kukuuliza kama miguu yake itafika, na wewe hujui, mwambie hujui; na ukijua haitafika, mwambie haitafika. Mwambie angali chini.