Pimbi, Kiboko na Kibaba cha Salamu

Ngano, ngano!

Ngano njoo!

Ije na utamu?

Ije nao!

Leo haina utamu. Leo ina aibu, na aibu yenyewe ni ya ukoo wetu. Ije, isije?

Ije hivyo hivyo!

Haya, mmeitaka wenyewe.

Alikuwepo Pimbi. Mnamjua Pimbi: mwili bakuli, maneno gunia. Aliishi bondeni kando ya mto na mkewe na watoto wanne. Mama yake alibaki kwao, Mlima Mawe, mwendo wa siku tano kwa miguu ya pimbi.

Na alikuwepo Kiboko, jumbe wa bonde. Kiboko alikuwa mkubwa, tumbo lake kubwa, na tamaa yake kubwa kulishinda tumbo.

Nyumbani kwa Kiboko palikuwa na simu ya mezani. Bonde zima simu ilikuwa hiyo moja, nyeusi, nzito, ya kuzungusha: krrr-tik, krrr-tik. Waya wake ulitokea dirishani, ukapanda nguzo, ukavuka nyika mpaka Mlima Mawe, nyumbani kwa Kobe, mwenye simu ya kule.

Kiboko alipimaje mazungumzo? Alitundika mtungi wenye tundu, chini yake akaweka kata. Maji yakadondoka: to, to, to. Kata ikijaa, kibaba cha mtama. Tone moja likiingia kata ya pili, kibaba cha pili.

"Lakini ni tone moja tu, mzee!" watu wakilalamika.

"Haba na haba hujaza kibaba," Kiboko akijibu, na kucheka, ho, ho, ho.

Kila siku ya soko Pimbi alikwenda kumpigia mama yake. Na nyinyi mnazijua salamu za kwetu. Hazina mkato.

"Halo, mwanangu! Hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mkeo hajambo?"

"Hajambo."

To, to, to.

"Mtoto wa kwanza hajambo?"

"Hajambo."

"Wa pili hajambo?"

"Hajambo."

Kata ikajaa, kibaba kikaenda.

"Wa tatu hajambo? Kitinda mimba hajambo? Majirani hawajambo? Mvua je?"

Kata ikajaa, kibaba kikaenda. Ikifika zamu ya habari yenyewe, mfuko wa Pimbi umekauka. Ghala nalo likawa linashuka, linashuka, mpaka siku moja mkewe akainama ndani akaona sakafu.

"Mume wangu," akasema, "kiangazi hiki watoto watakula salamu?"

Pimbi akaona haya. Akakaa akafikiri, akapata la kwanza: atabipu. Akamtuma Korongo, aliyekuwa akiruka kwenda huko, akamwambie mama: "Simu ikilia mara moja ikanyamaza, ujue sisi wazima. Usipokee. Isipopokelewa haina malipo."

Siku ya soko ikafika. Krrr-tik, krrr-tik. Ngri...

"Halo, mwanangu!"

"Mama! Si nilisema usipokee?"

"Najua, baba. Mkono umenishinda."

Kumbe bibi wa watu alikuwa amekaa kwa Kobe tangu alfajiri, mkono juu ya mkonga wa simu. Kata ilikuwa haina hata matone matatu, kibaba kikaenda.

Pimbi akapata la pili. Hapa ndipo ninapoinamisha uso mimi ninayesimulia. Juma lililofuata alipiga, mama akapokea, akaanza, "Halo, mwanangu, huja..."

"Sijambo, wote hawajambo, mvua imenyesha. Mama, acha salamu, sema shida yako haraka."

To. To. To.

"Sina shida, mwanangu."

"Basi kwaheri." Ka! Mkonga chini.

Kata haikujaa hata nusu. Nyuma yake kulikuwa na foleni: Ngiri, Swala, na Nungu na mumewe. Wote walisikia. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Pimbi alirudi nyumbani akitazama vidole vya miguu yake.

Kesho yake akamkuta Hondohondo juu ya nguzo. Huyu alikuwa fundi wa waya, na kila mwezi alipita kwa Kiboko kuchukua fungu la wenye waya.

"Kaka Hondohondo," Pimbi akaita kutoka chini, "hivi nyinyi wenye waya mnatoza vipi?"

"Kata kumi na mbili, kibaba kimoja. Anayepiga analipa, anayepokea halipi. Hiyo siku ya soko. Siku ya mapumziko, nusu ya hapo. Kiboko hakuwaambia?"

"Hakutuambia."

"Hamkuuliza?"

Bonde zima hawakuuliza. Nani amuulize jumbe bei ya kitu chake? Ingeonekana ukosefu wa adabu. Kwa adabu hiyo walikuwa wamelipa miaka saba.

"Mwezi huu unapita lini kwa Kiboko?" Pimbi akauliza.

"Siku ya soko."

"Njoo mapema, kaka."

Siku ya soko foleni ilikuwa ndefu. Hondohondo alitulia dirishani na daftari lake. Pimbi akaingia, akainama mpaka chini.

"Shikamoo, mzee jumbe. Kabla sijapiga, tukumbushe kanuni yako. Mlipaji ni nani?"

"Aliyeshika mkonga!" Kiboko akanguruma. "Hata kama kakopeshwa, hata kama kaombwa. Mkonga sikioni, mtama mezani!"

"Mmesikia?" Pimbi akawageukia wenzake.

"Tumesikia!"

Krrr-tik, krrr-tik. Mama akapokea. Pimbi akasema, "Shikamoo, mama," kisha papo hapo akaunyosha mkonga. "Mzee, mama yangu anataka kumsalimu jumbe."

Angekataaje? Mama Pimbi alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi, na foleni yote ilikuwa inatazama. Kiboko akakohoa, khm, akauchukua mkonga.

"Shikamoo, mama... Sijambo... Mke wangu wa kwanza hajambo. Wa pili hajambo. Wa tatu hajambo."

To, to, to. Kata ikajaa.

"Watoto? Wapo kumi na tisa, mama. Wa kwanza hajambo. Wa pili hajambo..."

Kata ikajaa. Kata ikajaa tena. Kiboko alijiona mtu mkubwa anayesalimiwa na mlima mzima, akaketi, akakunja mguu. Akaulizwa, akajibu. Akauliza, akasikiliza. "Ehee," akasema. "Ehee, mama. Ehee." Pimbi alikuwa akihesabu kata huku akisikia sauti ya mama yake ikivuja kwenye mkonga, nyembamba, yenye furaha. Hakuwa ameisikia hivyo siku nyingi. Kitu kikamchoma kifuani, lakini aliendelea kuhesabu.

"Haya, mama, nashukuru. Kwaheri." Ka! Kiboko akamgeukia Pimbi. "Kata kumi na mbili. Toa vibaba kumi na viwili!"

"Nitoe mimi? Mkonga ulikuwa sikioni mwa nani, mzee?"

"Mwa jumbe!" foleni ikapiga kelele. "Mkonga sikioni, mtama mezani!"

Kiboko akameza mate. "Nimlipe nani? Simu si yangu?"

"Walipe wenye waya, fundi wao huyo dirishani. Vibaba kumi na viwili, au bei siyo hiyo?"

"Kumi na viwili?" Hondohondo akafunua daftari. "Sisi hapo tunachukua kimoja."

Matone tu yakasikika. To, to, to. Ngiri akamtazama Kiboko. Swala akamtazama Kiboko. Nungu akasema polepole, "Mzee, mwaka juzi nililia msiba wa baba yangu humu ndani. Ulinihesabia mpaka kilio."

Masikio ya Kiboko yakawa mekundu. Akatoka mlangoni bila viatu, akashuka mtoni, tubwi! Akazama, akaacha matundu ya pua tu. Ndiyo maana hadi leo mchana kutwa yumo majini. Msidhani ni jua, ile ni haya.

Mtungi ukazibwa, bei ya haki ikachorwa mlangoni. Pimbi akabebwa juu juu, akaimbiwa, akapewa cheo cha mwerevu wa bonde.

Akamtuma Korongo amwite mama kwa Kobe siku ya mapumziko, bei nusu, naye akaenda na kibaba kizima. Hakukuwa na foleni. Krrr-tik, krrr-tik.

"Halo, mama! Leo tuna muda. Niulize. Anza na mke wangu."

"Hawajambo wote?"

"Hawajambo. Lakini niulize mmoja mmoja, mama."

"Inatosha, mwanangu. Mtama ni wa watoto. Kwaheri."

Ka. Halafu tuuu, tuuu, tuuu. Pimbi alibaki na mkonga sikioni na kibaba kilichojaa.

Akatoka, akapita mtoni. Matundu mawili ya pua yakaibuka, kisha macho.

"Pimbi," Kiboko akaita kwa sauti ya chini, bado ana soni. "Umeongea na mama? Goti lake limepona?"

"Goti gani?"

Kiboko akamtazama. Akazama taratibu, safari hii ili asimwone mwenzake usoni.

Ngano yangu waya wake umefika mwisho. Kama ni nzuri, tugawane. Kama ina aibu, niachieni mimi, nimeizoea.

Na funzo, wanangu? Funzo ni hili: simu ni ghali, basi msipoteze muda kuuliza goti la mtu.